Mtungi Kooni mwa Mtaro

Mishomoroni, Kisauni, usiku wa masika, saa nne. Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Umeme ulikatika kwa matone ya kwanza, kama ilivyo ada yake. MTARO, mzee wa saruji aliyechimbwa enzi za manispaa, amejinyoosha kando ya barabara akielekea hori ya Tudor. Kichwa chake kimo ndani ya kalvati. Kiuno hakijulikani kiliko, kwa kuwa kimejengewa. MTUNGI wa manjano, wa lita ishirini, amesombwa kutoka uani mwa watu akaja kukwama mdomoni mwa kalvati. Kifuniko chake kimekazwa barabara na ndani ni mtupu. Juu ya ukuta wa jirani KUNGURU ameroa chapachapa, ila ulimi wake mkavu.

MTARO: (akikohoa) Nani huyo alonikaba?

MTUNGI: Shikamoo mzee. Ni mimi, Mtungi wa nyumba ya tatu.

MTARO: Marahaba. Sasa toka.

MTUNGI: Nitokeje? Mbele yangu kuna pampasi, nyuma yangu kuna mto.

MTARO: Huo si mto, mwanangu. Ni barabara ya lami.

MTUNGI: Mbona mkokoteni wavusha watu?

KUNGURU: Shilingi hamsini kwa kichwa, mwenye mzigo azungumze na hamali. Nimemwona mwalimu mzima amebebwa mgongoni, viatu kavishika mkononi, akiwapungia wanafunzi wake. Wao walikuwa wakiogelea.

MTUNGI: Wacha waogelee. Mie nina wiki mbili sijaonja tone. Mfereji wetu watoa upepo, na huo upepo mita yauhesabu. Mama huniamsha saa kumi alfajiri nikapange foleni. Leo maji yameingia mpaka chini ya vitanda, nami nikapita juu yake nimefungwa kifuniko, naelea kama nani sijui...

KUNGURU: Kama mheshimiwa.

MTUNGI: Kama mheshimiwa. Sikuguswa ndani hata na unyevu.

MTARO: Maji ya mfereji wenu yatoka mbali, ndiyo maana yafika yamechoka. Kuna ya Mzima, kule Tsavo, bomba la tangu 1957. Kuna ya Baricho, kwenye mto Sabaki. Kuna ya Marere na Tiwi, huko Kwale. Yote ukiyakusanya hayafiki nusu ya kiu ya mji huu. Kisha mvua yaja yenyewe, bure, mpaka mlangoni, na kila mtu ataka nimpeleke mgeni huyo baharini upesi. Kumpeleka siwezi. Nimezibwa.

MTUNGI: Lakini si kisima kipo?

MTARO: Kipo wapi?

MTUNGI: Uani kwetu, karibu na choo.

KUNGURU: Karibu namna gani?

MTUNGI: Majirani wa kupigiana hodi. Kati yao mna mchanga na jiwe la matumbawe, vitu viwili visivyojua kuficha siri. Choo kikisema, kisima kishasikia. Siku za kiangazi walikuwa wakinong'onezana tu. Usiku huu nimewaacha wamekumbatiana.

KUNGURU: Basi kesho tutawaona watu wa afya na vidonge vya klorini, na spika za kutangaza kipindupindu. Hao huwa hawakosi. Wakati mwingine nashuku wao na mvua wana kalenda moja.

MTARO: Kalenda ipo, yakhe! Ndiyo yaniuma zaidi ya hiyo pampasi. Masika ni Machi hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hazijawahi kuja kwa kuvizia. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza, tena mapema. Na kila mwaka, maji yakishaingia jikoni, nasikia redioni: "mvua isiyotarajiwa."

KUNGURU: Hata leo mchana nimehudhuria kikao cha dharura, hoteli moja ya ufuoni. Nilikaa dirishani, upande wa sambusa. Mada ilikuwa mafuriko. Kimeanza saa sita badala ya saa tatu.

MTUNGI: Kwa nini?

KUNGURU: Barabara imefurika.

MTARO: Na azimio?

KUNGURU: Kuundwe kamati ndogo. Sambusa zilikuwa nzuri.

(Mtaro anajaribu kumeza. Unasikika mgongano wa chupa, kisha kimya. Maji ya barabarani yamepanda kidole kimoja zaidi. Nimeona wanasiasa wakihojiwa wakitoa sauti iyo hiyo.)

MTUNGI: Mzee, wanilaumu mie peke yangu. Huko ndani una nini?

MTARO: Bora uulize sina nini. Nina viatu vya mguu mmoja mmoja. Nina mifupa ya harusi mbili. Nina maganda ya madafu, mabango ya kampeni ya 2022 na mwenye picha yungali anacheka. Nina mafuta ya viazi karai yaliyoganda tangu mama mmoja alipoweka kibanda chake juu ya tumbo langu. Nina mifuko ya plastiki.

KUNGURU: Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017!

MTARO: Hii ni ya kabla ya hapo, bado sijaimaliza. Na ilipopigwa marufuku mifuko, zikaja chupa. Mimi sichagui. Nalishwa.

MTUNGI: Na wenyewe wako wapi, wa kukusafisha?

MTARO: Wenyewe? Mimi, mwanangu, nina baba wengi kuliko mtoto wa malkia. Alonichimba ni manispaa, naye aliaga dunia 2013 ilipoingia kaunti. Kabla hajafa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa ishazaa mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Siku ya kuzinduliwa wote ni baba zangu, wagombea utepe. Nikiziba, wa barabara kuu asema mpaka wake waishia pale kwenye nguzo. Wa mijini asema wake waanzia baada ya nguzo. Kaunti yasema nguzo si yake, ni ya umeme. Na taka, we mwenyewe nenda ukaone, zimekaa wapi.

KUNGURU: Kwenye nguzo.

MTARO: Kwenye nguzo! Na kiuno changu, hapo kati, kina jumba la orofa nne. Sikuhama mimi. Jumba ndilo lililonihamia, lina hati, lina mlinzi, lina mbwa. Hapa palikuwa bonde, minazi mitupu, maji yakipita zake mpaka kwenye mikoko. Mwenye jumba kaniunganishia bomba la choo chake usiku wa manane. Mchana tukionana huwa hanijui.

KUNGURU: Na ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo.

MTARO: Sishangai.

MTUNGI: Haya, huku ni Kisauni. Changamwe nako? Mie nimezaliwa kule, kiwandani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mafuta ya kupikia. Kisha nikauzwa Likoni, nikabeba maji miaka, nikavushwa feri hadi huku.

KUNGURU: Kwenu Changamwe nimepita jioni. Huko ardhi ina tabia nyingine. Huku kwetu mchanga na matumbawe hunywa maji, kama watu wasingeyafunika kwa saruji uwanja mzima ili gari lisipate vumbi. Kule kuanzia Mikindani hadi Miritini, chini ni mwamba laini wa matabaka, ukirowa wageuka utelezi. Watu wamekata kilima wapate kiwanja bapa, kisha wakakizuia kwa ukuta wa mawe usio na hata tundu la kutolea maji. Mvua hujipanga nyuma ya ukuta, yasukuma taratibu. Leo magharibi ukuta mmoja umeingia sebuleni bila hodi. Bahati wenyewe walikuwa matangani.

MTUNGI: Na Likoni?

KUNGURU: Likoni maji hayaporomoki. Yamekaa. Mtongwe, Shika Adabu, huko yamekaa kama wapangaji wasiolipa. Nimemwona abiria kavuka bahari kwa feri, hakuroa hata kisigino. Aliposhuka ng'ambo ndipo alipokunja suruali.

MTUNGI: (akicheka) Basi mzee, tatizo ni kubwa kuliko mimi. Mtungi mmoja wa lita ishirini ni kitu gani?

(Mtaro ananyamaza. Alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka, na Kunguru akaacha kujikung'uta.)

MTARO: Wamjua ndugu yangu wa Mai Mahiu? Alikuwa shimo la kupitishia maji chini ya tuta la reli, kazi kama yangu. Masika ya 2024 akazibwa na magogo na tope. Hakukuwa na kelele. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, watu wa bondeni wamelala. Kabla ya alfajiri ya Aprili 29 yakapasua. Waliokufa ni zaidi ya hamsini. Hawakuuawa na gogo kubwa wala dogo. Liliziba la kwanza, la pili likaegemea.

MTUNGI: ...

KUNGURU: Mwaka ule ulikuwa mzito. Siku chache baadaye tukatangaziwa Kimbunga Hidaya, Pwani nzima yatazama angani. Mei 4 kikatua Mafia, upande wa Tanzania, sisi kikatupungia mkono. Na Mei 10 ikawa likizo ya taifa ya kuwaombolezea waliokufa kwa mafuriko, watu wakaambiwa wapande miti.

MTARO: Miti ni mizuri, siikatai. Nami nikangoja nisikie likizo ya kuzibua mitaro. Ningali nangoja.

KUNGURU: Wewe wangoja kusafishwa. Mimi nilisafiri ili nisafishe! Wazee wangu waliletwa Unguja miaka ya 1890 kula taka za mji. Tumekula karne na zaidi, kazi bila mshahara. Shukrani yake, 2024 serikali ikatangaza itatuua kwa sumu, milioni moja wetu. Taka zilisalia, msafishaji ndiye aliyekuwa kero.

MTARO: Nawe pia umezidi. Waiba vifaranga.

KUNGURU: Hayo ni ya faragha. Tuzungumze mafuriko.

MTARO: Basi nikuzungumzie mikoko, kwa kuwa huko ndiko niendako nikipata njia. Mvua za El Niño za 1997 zilisomba tope la mashamba ya bara likashukia hori ya Mwache, upande wa Port Reitz. Mkoko huvuta pumzi kwa mizizi. Tope likafunika ile mizizi, miti ikafa imesimama, eneo kubwa. Na mikoko ndiyo ukuta wetu wa mawimbi, tena huushikilia udongo usiende baharini. Ile isiyouawa na tope yakatwa kwa kuni na boriti. Kufa kwa kuzibwa pumzi nakujua, ndiyo maana nasema toka.

MTUNGI: Nikitoka sasa, au kesho, tofauti gani?

MTARO: Kubwa! Mwezi ni mpevu, usiku huu ni bamvua. Sasa saa nne bahari imekupwa, mdomo wangu wa horini u wazi. Saa kumi alfajiri itakuwa imejaa, na hapa kati ya kupwa na kujaa hupanda karibu mita nne. Ikijaa, hata nikiwa mtupu kama wewe, sina pa kutema. Maji ya mvua yatakutana na ya bahari papo hapo, chini ya kitanda cha mama yako. Nina saa chache, nawe umekaa kooni waniuliza historia.

MTUNGI: Wallahi mzee, ningekuwa na miguu ningeondoka.

KUNGURU: Nyamazeni. Tochi yaja.

(HAMALI anakuja, maji yamfika mapajani, simu yake imemulika. Anainama.)

HAMALI: Aaa! Mzima huu, na kifuniko chake! Mabomba yamepasuka, kesho maji yatauzwa bei ya soda.

(Anautikisa mara mbili, anauchomoa. Mtaro anatoa sauti ambayo mtaa haujaisikia tangu vuli. Maji yanazunguka, yanazama kalvatini. Barabarani yanashuka kidole kimoja, viwili.)

MTARO: Alhamdulillahi! Naam! Hebu niache nimeze. Kunguru, waona? Waona kazi yangu? Siku moja tu mtu akinikohoza...

MTUNGI: (akiwa juu ya mkokoteni) Kwaheri mzee! Naenda kupanga foleni!

KUNGURU: Jitahidi mzee, jitahidi. Ila tazama juu ya barabara. Kuna kitu kipana kinakuja.

MTARO: Kipana namna gani?

KUNGURU: Tano kwa sita.

GODORO: (likigonga saruji) Hodi wenyewe! Nipisheni nipite, mie mnene kidogo.

MTARO: Subiri! Subiri hapo hapo! Umetoka kwa nani?

GODORO: Orofa ya chini, jumba lile la orofa nne. Mwenyewe amenitupa dirishani. Amesema mtaro upo, utanichukua.