Namna ya Kuimaliza Kilwa kwa Siku Moja

Tarehe ya safari ichaguliwe na kalenda ya ofisi. Ijumaa ikiwa sikukuu, basi Jumamosi bahari lazima iwe tayari. Ukibahatisha mwezi mpevu ni vizuri zaidi, maana unapendeza pichani. Wavuvi wa Kilwa Masoko watakwambia hizo ni siku za bamvua, kwamba ikifika saa nne asubuhi maji yatakuwa yameshuka zaidi ya mita 3 na palipokuwa na bahari patakuwa na tope. Waitikie kwa adabu. Wao wana maji yao, wewe una ratiba.

Nahodha ataomba mwondoke mara baada ya sala ya alfajiri. Mkubalie, kisha fika saa mbili, uagize chai na chapati. Chapati ikishapoa, anza kuvutana naye juu ya nauli ya kwenda Kilwa Kisiwani: ng'ambo si ile pale inaonekana? Mwongozaji hapo ataingilia na kisa cha Ali bin al-Hasan wa Shirazi, ambaye tarikh ya Kilwa inasema alikinunua kisiwa kizima kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka. Mkatize palepale, useme, "Unaona? Zamani watu walipunguziana." Ukimwacha aendelee atakuharibia siku. Atasimulia kwamba enzi hizo maji yakipwa kisiwa kilivukwa kwa miguu, na muuzaji alipotaka kurudi kukinyang'anya alikuta mnunuzi ameshauchimba mkondo ukawa bahari tupu. Yaani yule mgeni, kabla ya jambo lolote, aliuliza habari za maji. Ushamba mtupu.

Kuhusu kibali cha kutembelea magofu, jifanye hujui kinahitajika.

Vaa kaptura, ile fupi. Kisiwani kuna kijiji, kuna misikiti inayosaliwa, kuna watoto wanaotoka chuoni, lakini wewe umefuata magofu, na magofu hayana macho. Ukikutana na bibi kabeba ndoo yake, shikamoo ya nini? Mpige picha.

Sasa zingatia sana hapa, kwani ndipo wengi wanapokosea kwa kuwa wastaarabu. Mnapokaribia ngome ya Gereza, nahodha atataka kutia nanga mbali kidogo ili mteremke majini, maji ya magoti. Kataa. Viatu ni vipya, tena vyeupe. Atasema, "Mwanangu, maji yanatoka haya, chombo kitapwelewa." Mwambie umelipa. Atanyamaza kidogo, atamtazama kijana wake mwenye upondo, kisha ataisogeza mashua hadi mchangani, nawe utateremka mkavu kama bwana harusi.

Msikiti Mkuu umalize upesi. Ulianzwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na sehemu ile ya kuba na matao ndiyo ya kusimama mikono kiunoni. Usiinue macho kutazama namna matumbawe yalivyochongwa yakakaa sawa juu ya kichwa chako bila boriti, shingo itauma. Uliza kama walijenga Wareno. Mwongozaji atavuta pumzi ndefu, akueleze kwamba Wareno waliuteka mji huu mwaka 1505, wakapora, wakaondoka 1512, wakati msafiri Ibn Battuta alikuwa ameshapita hapa 1331 akausifu mji. Itikia "ahaa" huku ukitafuta mtandao.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane. Tumbukia humo, ulale ubavu, upigwe picha kumi na tano.

Ukirudi ufukweni utaikuta mashua imelala ubavu juu ya mchanga, bahari iko kule. Huu ndio wakati wa kumlaumu nahodha. Pendekeza isukumwe, sukuma mwenyewe kidogo, upande usio na tope. Yeye atakuwa amekaa kivulini akila muhogo, maana anajua saa ambayo maji yatairudia mashua yake, nayo si saa uliyoipanga wewe.

Chombo kitakapoelea, alasiri imeingia, na Songo Mnara, kisiwa cha pili kwenye ratiba yako, bado kiko huko kusini, na upepo wa kusi unakuja usoni. Usijisumbue. Andika kwamba umefika na kwamba panafanana na Kisiwani. Mtu akikubana, mkumbushe kuwa mwaka 1981 UNESCO yenyewe iliyaingiza magofu ya visiwa vyote viwili kwenye Urithi wa Dunia kwa jina moja, kwa hiyo aliyeona nusu hajasema uongo mkubwa.