Mradi wa Ukoo, Mfuko wa Mmoja

Harusi ina kamati, msiba una kamati, na sasa hata gari bovu lina kamati. Ukoo wetu umeamua kwa kauli moja kuifufua Land Rover 109 ya marehemu mzee, pikapu ya Series III iliyosimama chini ya mwarobaini kule Hombolo tangu wapwa zangu wananyonya. Mwenyekiti ni baba mdogo. Katibu ni shemeji. Mweka hazina ni dada yetu wa Dar es Salaam, ambaye hazina yenyewe hajawahi kuiona kwa sababu haipo. Mimi sina cheo. Mimi ndiye ninayekaa Dodoma mjini, karibu na gereji, na tarehe ya mshahara wangu inajulikana ukoo mzima.

Kundi la WhatsApp lilifunguliwa usiku uleule. Ikawekwa picha ya mzee ameegemea boneti, nyuma zabibu zimejaa hadi ukingoni, watu wakatoa machozi na ahadi zikamiminika. Huyu tairi, yule betri, mjomba wa Kondoa akaahidi nguvu kazi, ambayo hadi leo iko Kondoa. Michango ilipoanza kuitwa kwa majina, kila mmoja akaweka mikono miwili ya kusali. "Kaka, tuko pamoja." Pamoja wapi? Fundi hapokei mikono ya kusali.

Na hata kabla ya fundi, kulikuwa na kuku. Siku ya kwenda kuivuta tulimkuta ameatamia kwenye kiti cha dereva, ndani ya shimo la sponji, macho makali. Nikasema aondolewe. Mama akaja amejifunga khanga kiunoni. "Mwanangu, gari limengoja miaka yote hiyo, lishindwe kungoja vifaranga?" Kamati ikakutana kwa simu na kumpa kuku muda wa kumaliza shughuli zake. Mwenye gari la kuvutia, niliyekwisha kumlipa, yeye hakupewa muda wowote. Alirudi mjini na hela yangu.

Tukiwa tunamsubiri kuku, wakafika vijana wa chuma chakavu na mizani yao. Chuma wala hawakukitazama. Mmoja aligonga mlango kwa vidole, akasikiliza, akatabasamu. Bodi la Land Rover ni la aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu. Bodi halishiki kutu. Kinachooza ni chesesi, na hapa kwetu, penye mvua ya msimu mmoja tu, chesesi ilikuwa imara kuliko mgongo wangu. "Mzee, hapa kuna sufuria nyingi sana," kijana akaniambia. Akataja bei. Sitasema niliwaza nini, maana kamati inasoma safu hii.

Gereji ni habari nyingine. Zamani fundi wa Dodoma alikuwa na muda; ungemkuta anacheza bao. Lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na mji ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, mashangingi yamejaa mpaka kwenye foleni ya kubadilisha oili. Sisi na 109 yetu tunasogezwa pembeni kumpisha bosi wa Mtumba. Fundi akipata nafasi anafungua kabureta, anatia jeti mdomoni, anapuliza, anatema, kisha anaichungulia kwa jicho moja kuelekea juani. Kwenye njia ya hewa nyigu walikuwa wamejenga kijumba cha udongo, chumba na sebule. "Imebaki kitu kidogo tu, mzee wangu." Kitu kidogo cha kwanza kilikuwa gasketi ya hedi. Nacho kikazaa pampu ya klachi, pampu ya klachi ikazaa pampu ya breki, na spea ikiagizwa Gerezani inafika na basi ikiwa ya modeli nyingine.

Ndipo fundi akatoa ushauri wa busara: tung'oe injini, tupachike ya Toyota, spea ziko kila duka. Baba mdogo, ambaye hajatoa hata shilingi ya nati, akapanda basi kuja mjini kupinga. "Land Rover yenye injini ya Toyota ni sawa na Mgogo anayekula ugali bila mlenda!" Mafundi wote wakacheka, wakampa kiti, wakamwagizia soda. Soda nililipa mimi.

Nikamkumbusha habari za Kongwa, maana mkoa huu si mgeni wa mitambo mikuukuu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale kulima karanga, na kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana, wakaleta mabaki ya vita, mengine yakitoka Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo ikafa mingi, spea zikawa ng'ambo ya bahari, na udongo ulipokauka ukakaza, ukala majembe. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimekwisha. Baba mdogo akanisikiliza hadi mwisho, akashusha chupa. "Wale hawakuwa na kamati," akasema. Walikuwa nayo, tena London! Nayo iliamua mengi, na mlipa kodi akalipa. Ila ukibishana na baba mdogo unaambiwa umesoma sana.

Injini ikabaki ileile ya petroli, lita 2.25, na siku ilipowaka moshi ulifunika gereji nzima. Kwa muda wote iliokaa chini ya mwarobaini haikunila shilingi. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lisilokunywa halilipi. Sasa inakunywa. Kutoka gereji hadi nyumbani mshale wa mafuta ulishuka nikiutazama, ingawa fundi anasema mshale ni mbovu na hicho nacho ni kitu kidogo.

Breki ya mkono bado, tunatumia jiwe. Lakini katibu amekwisha kutangaza kundini kwamba mradi umekamilika, mikono ya kusali imerudi kwa wingi, na leo asubuhi imebandikwa ratiba ya matumizi. Shemeji ana matofali yake Nzuguni. Mjomba ameibuka Kondoa: ana mahindi ya kupeleka Kibaigwa. Dada anaitaka mwezi wa kumi na mbili ipambwe maua kwa ajili ya harusi. Jina langu liko mwisho, chini ya kwaya ya akina mama inayokwenda Mvumi, na pembeni yake katibu ameandika kwa herufi kubwa: aijaze tanki kabla ya kuikabidhi.