Ndizi Hazina Siri

Pale kwetu Sola, friji ikiingia nyumbani hukaa sebuleni. Jikoni kuna moshi, waya haufiki, na isitoshe wageni hawaingii jikoni.

Yetu tuliivalisha kitambaa cha kufuma, kisha tukaijaza kila kilichokuwepo gulioni: nyanya, matembele, viazi vitamu, maembe mabichi na mkungu mzima wa ndizi mbivu. Shangazi akafungua, akachungulia, akauliza: "Mwanangu, hiki kinatunza chakula, au chakula ndicho kinakitunza?"

Viazi vilianza kujibu. Kiazi kitamu kikipigwa na baridi, moyo wake hugoma kuiva. Tulichemsha mpaka kuni zikaisha, na katikati bado ni mti. Nyanya nazo zilibaki na rangi ya kupendeza na ladha ya maji, maana chini ya nyuzi joto 12 hivi hupoteza harufu yake. Zilitaka meza tu, kivulini.

Ila mchochezi mkuu alikuwa ndizi. Ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huivisha jirani na kuyapiga manjano majani. Ndizi ni yule mpangaji anayefungulia redio alfajiri: akiamka yeye, nyumba nzima macho. Matembele yakageuka manjano. Kisha umeme ukakatika Jumamosi, na maembe ya wiki ijayo yakaiva yote Jumapili. Tukala maembe asubuhi, mchana na usiku. Majirani wakaanza kupitia njia ya nyuma, kwa sababu kila aliyebisha hodi aliondoka na ndoo.

Shangazi akachukua usukani. Ndizi akazitundika peke yake barazani. Matembele mapya akayafunga kwenye kitambaa kibichi, akayaweka ndani ya chungu, chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati akajaza mchanga na kuumwagia maji. Maji yakipenya udongo na kukauka, huondoka na joto. Mnigeria Mohammed Bah Abba alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kusambaza vyungu vya namna hiyo. Shangazi alipata maembe.

Viazi vilivyosalia nje ya friji alivimenya, akavikata vipande na kuvianika juani juu ya jiwe: hiyo ndiyo michembe. Vingine akavichemsha kwanza, ndipo akavianika, vikawa matobolwa. Mbuzi wa jirani waliwahi robo ya mzigo, lakini kilichobaki kinakaa miezi bila waya wala bili.

Friji sasa ina maji ya wageni na soda moja ya mheshimiwa yeyote atakayetokea. Gunia la michembe tumelificha nyuma yake, ambapo ni pakavu, pana ujoto kidogo, na watoto hawapajui.

Juzi walipajua.