Saa ya Mzamiaji, Koti la Harusi: Mwongozo kwa Wasiozamia

Watu wengi wanaovaa saa za kuzamia hawazamii, na hilo tulikubali mapema ili tusisumbuane. Saa iliyotengenezwa kuhimili mita 200 chini ya bahari itapanda mwendokasi asubuhi, itakaa kikaoni Posta mpaka mchana, na kina kirefu kuliko vyote itakachowahi kukutana nacho ni sinki la kunawia kabla ya pilau. Hakuna ubaya. Saa ya michezo ni kitu kizuri, imara, kinachosomeka hata gizani, na ina haki yake ndani ya suti. Ubaya ni kwamba huchaguliwa dukani na mtu aliyevaa fulana, kisha hukutanishwa na suti kwa mara ya kwanza asubuhi ya harusi, shati limeshapigwa pasi na gari la maharusi linapiga honi nje.

Basi tuanze na shati. Mkono wa shati unatakiwa uchungulie nje ya mkono wa koti kwa sentimita moja hivi, nayo saa iingie chini ya shati bila kubembelezwa. Ukinyoosha mkono kumsalimia baba mkwe, ionekane kidogo. Ukiurudisha, irudi nao. Kwa sababu hiyo, ukifika dukani usiulize kwanza bei, wala jina, wala mita za maji. Uliza unene. Muuzaji akisema hajui, na mara nyingi hajui, toa rula mfukoni. Akicheka, mwache acheke. Suti ni yako.

Milimita 10 au 11, nunua kwa amani. Milimita 12, ijaribu kwanza ukiwa na shati lako mwenyewe, si la muuzaji. Kuanzia 13 kwenda juu, saa hiyo na kifungo cha mkono wa shati ni maadui, na atakayeshindwa ni uzi wa kifungo. Seiko SKX007, iliyoingia sokoni mwaka 1996 na kupendwa dunia nzima, inapita milimita 13. Jumamosi, na jinzi, ni saa ya kuonea fahari. Chini ya koti inatoa nundu, na mtu mwenye nundu mkononi hushinda sherehe nzima akivuta mkono wa shati, mara juu, mara chini, mpaka kamati inadhani ana wasiwasi na ndoa.

Mtu atasema saa ya kiume lazima iwe nene. Ajibiwe kwa Audemars Piguet. Mwaka 1972 kampuni hiyo ya Uswisi ilileta Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta: chuma kitupu, pete yenye pembe nane, skrubu nane zimeachwa wazi zionekane, kipenyo milimita 39, ukubwa ulioshtua watu wa wakati ule. Bei yake ilikuwa faranga 3,300 za Uswisi, juu ya saa nyingi za dhahabu. Ilikuwa saa ya michezo iliyotaka kukaa meza moja na matajiri, na ilifanikiwa, kwa sababu unene wake ulikuwa milimita 7 hivi. Mwaka 1976 Genta huyohuyo aliichorea Patek Philippe saa ya Nautilus kwa hesabu ileile: pana, ya chuma, nyembamba. Saa hizo mbili ndizo zilizofungua mlango ambao leo kila mwenye saa ya chuma na tai anaupitia.

Pesa ya Royal Oak hatuna, na hatuihitaji, maana wembamba hauuzwi Uswisi peke yake. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo huenda mjomba wako bado anayo, ina unene wa milimita 8.5 na uzito wa gramu 21. Inaingia chini ya shati lolote. Nasema bila kusita kwamba inakaa vizuri na suti ya kijivu kuliko saa nyingi zinazouzwa mara hamsini ya bei yake. Ina sharti moja tu: zima ule mlio wa kila saa. Mlio huo una kipaji cha kuchagua wakati, nao hupenda hasa dakika ya ukimya msibani, au padri anapouliza kama kuna mwenye kipingamizi.

Wapenzi wa G-Shock wasinikasirikie. Saa yao ina historia ya heshima: Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio, aliangusha saa aliyopewa na baba yake ikavunjika, akaapa kutengeneza isiyovunjika, na mwaka 1983 ikatoka. Lakini ukiwa umevaa suti, kuanguka ni jambo la nadra, na ukianguka utakuwa na mambo mengine ya kuhuzunikia. Aliye nayo rohoni kabisa atafute GA-2100 ya mwaka 2019, nyeusi tupu, unene milimita 11.8. Ile nyekundu yenye maandishi ya njano ibaki mazoezini.

Saa za kisasa za kupima mapigo ya moyo na kilomita ni nyembamba vya kutosha, ila zina tabia ya kuwaka. Kwenye usaili wa kazi, kioo kikiwaka utakitazama, hata ukijikaza. Na mtu anayetazama saa mbele ya jopo amekwishajieleza. Zima ujumbe wote kabla hujakaa.

Wapo waliovaa saa juu ya nguo wakaachwa. Gianni Agnelli, bwana mkubwa wa Fiat kule Turin, alifunga saa yake juu ya mkono wa shati, na Italia nzima ikamwiga. Buzz Aldrin mwaka 1969 alifunga Omega Speedmaster juu ya vazi lake la angani akatembea nayo mwezini. Kama hujaachiwa kiwanda cha magari na babu yako, wala hujatua mwezini, saa ikae chini ya shati.

Sasa mkanda, na hapa pwani ina maneno yake. Magazeti ya mitindo ya Ulaya yatakuambia suti inataka mkanda wa ngozi. Waandishi wake hawajakaa Dar es Salaam mwezi wa Februari. Jasho hula ngozi, ngozi ikilowa hunuka, na harufu hiyo inamfikia unayempa mkono. Kwetu mkanda wa chuma kisichoshika kutu ndio mkanda wa heshima; unasuguliwa kwa mswaki na maji ya sabuni, kesho unang'aa. Ngozi iwekwe kwa Arusha, Iringa na Nairobi, kwenye baridi ya kueleweka. Lakini mkanda wa chuma upunguzwe! Hili naliona kila msimu wa harusi: bwana harusi kaazimwa saa na shemeji yake mnene, akiinua mkono kupunga, saa inateremka hadi karibu na kiwiko. Fundi saa anatoa pingili mbili kwa dakika chache, na atakupa pingili hizo uzirudishe pamoja na saa ya watu.

Upana wa mkanda nao ulingane na nafasi yake. Katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, Sean Connery anaitazama Rolex Submariner yake akiwa na koti jeupe la jioni, na mkanda wa kitambaa ni mwembamba kuliko nafasi ya saa; pini zimebaki uchi kila upande. Alisamehewa kwa kuwa ni Connery. Wewe pima: kama nafasi ni milimita 20, nunua mkanda wa milimita 20.

Mavazi mengine yanafuta sheria hizi. Kaunda suti ya mikono mifupi haina pindo la kugombana na saa, kwa hiyo milimita 14 zinaruhusiwa na hata zinapendeza. Mbunge wa Kenya hana nafuu hiyo bungeni, maana Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti humo, ingawa Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa. Kanzu na koti pia ni rahisi: mkono wa kanzu ni mpana, unapitisha saa yoyote. Hapo chuma kina faida nyingine, kwani mwanamume Mwislamu anayejizuia na dhahabu anabaki na saa nzuri bila swali la mtu.

Rangi nitazipita haraka. Uso mweusi, wa bluu iliyokoza, mweupe au wa fedha unakubali suti zote. Rangi ya chungwa ilipendwa na wazamiaji waliotaka kuona saa kwenye maji yenye tope, na ukumbi wa harusi hauna tope.

Nitakaa zaidi kwenye feki, kwa sababu jambo hili linaniuma. Saa feki yenye jina kubwa haikuongezei hadhi. Inamfundisha mwenzako akutazame mara mbili, kwanza saa, kisha wewe. Tazama zile saa ndogo ndani ya uso: nyingi zimechorwa tu, mishale yake haijawahi kusogea. Maandishi ya mita 200 mgongoni ni uongo, na mvua ya kwanza ya masika italeta ukungu ndani ya kioo. Kwa pesa hiyohiyo utapata Casio halisi iliyo na jina lake mwenyewe, na ukiulizwa wakati utajibu wakati wa kweli.

Aliyenunua saa halisi ya kuzamia, ndogo na nyembamba, aitumie. Ile pete inayozunguka hugeuka upande mmoja tu, kinyume cha mishale, ili ikigongwa kwa bahati mbaya impunguzie mzamiaji muda badala ya kumwongezea. Ni chombo bora cha kupimia hotuba. MC akikukabidhi kipaza sauti na kukupa dakika tano, geuza alama ikae kwenye mshale wa dakika, na mshale ukifika tano, kaa. Wageni watakupenda kuliko watakavyoipenda saa.

Na siku ya kwenda kwa fundi kupimwa shati la suti, usiiache saa nyumbani. Ifunge mkononi fundi aione, umwombe aongeze nafasi kwenye pindo la mkono huo mmoja. Mafundi wazuri hufanya hivyo bila kuambiwa, wako mwambie.