Mgeni wa Ukoo wa Kupe

Friji yetu ina sheria moja: kisicholiwa hakiingii. Baba Neema aliivunja kwa chupa ya plastiki aliyopewa na rafiki yake wa shamba la maua hapa Arusha. Ndani mlikuwa na chembe nyepesi za vemikulaiti na, kwa mujibu wa lebo, utitiri 2,000 walio hai. Akaificha nyuma ya mtindi. Dada wa kazi akaifungua akidhani ni viungo vya pilau, akaona vumbi jekundu linapanda ukingoni, akaifunga haraka na kwenda kumwita Bibi.

Bibi ni mama mkwe wangu. Amefuga ng'ombe Meru tangu usichana wake, na chochote chenye miguu minane na kisichofika ukubwa wa harage anakihesabu kuwa adui.

"Mwanangu, maharage yako yanaliwa na utitiri, nawe unatuletea utitiri mwingine ulale na maziwa?"

Swali la haki kabisa. Maharage ya uani yalikuwa yamejaa madoadoa meupe, na chini ya majani kulikuwa na utando mwembamba. Lakini Baba Neema alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na sijawahi kumsikia akijibu swali kwa sentensi moja. Alikata jani la maharage, akaliweka mezani kando ya ugali, akalidondoshea chembe chache za kwenye chupa, akatoa kioo chake cha kukuzia.

Nilipochungulia niliona wenyeji kwanza: wamepauka kwa ukijani, kila mmoja na doa jeusi ubavuni huku na huku, wametulia wakifyonza. Mayai yao ni ya mviringo na yanang'aa. Kisha akapita mgeni, mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, mwili umenona nyuma na kuchongoka mbele, miguu mirefu, mbio tupu. Hana macho. Jozi ya kwanza ya miguu haitembelei. Ameinyoosha mbele anapapasia nayo. Alipogusa yai akasimama, vidole viwili vya kubania vikatoka mdomoni, na yai likaanza kunywea huku mwili wake ukikolea rangi. Mmoja aliyekomaa, asiyezidi nusu milimita, anaweza kumaliza mayai 20 kwa siku. Dada, ambaye dakika tano nyuma alitaka kumwagia maji ya moto, alikataa kurudisha kioo.

Hapo Baba Neema angenyamaza tungekula kwa amani. Akaingia kwenye uainishaji. Huyu, akasema, ni Phytoseiulus persimilis, alielezwa mwaka 1957 na Claire Athias-Henriot kutokana na vielelezo vya Algeria. Mwaka uliofuata akagundulika Ujerumani, amesafiri na maua ya okidi kutoka Chile. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Jan Koppert, mkulima wa matango wa Uholanzi, akawa anamuuza. Rangi haimtambulishi mtu, akaendelea. Wataalamu humlaza chini ya hadubini wakahesabu nywele za gamba la mgongoni na kupima urefu wake, wakatazama gamba la tumboni, hata umbo la kifuko anamotunzia jike mbegu za dume. Zile nywele ndefu za mgongoni zinadhaniwa kumsaidia kupita kwenye utando bila kunasa.

"Na ukoo wake?" Bibi akauliza. Kwake ukoo ndio kila kitu.

"Mama, ajabu iko hapo. Utitiri hawa wawili wanatoka matawi mawili yaliyoachana zamani mno. Huyu mwindaji yuko karibu zaidi na kupe kuliko na hawa anaowala."

Niliona uso wa Bibi ukibadilika. Ndigana kali iliwahi kummalizia ndama zizini, na ndigana inaletwa na kupe.

Chupa ilimwagwa kwenye maharage jioni ile. Kesho yake alfajiri nilisikia bomba la mgongoni likipumpwa uani. Bibi alikuwa ameweka dawa ya kuogeshea ng'ombe, akapiga tuta lote, juu na chini ya majani, kwa umakini wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Dawa ya kupe haikumbagua mwindaji na mwindwa. Haikutubagua na sisi pia: maharage yaliyoogeshwa dawa ya mifugo sikuwa tayari kuyapika, yakang'olewa yote. Baba Neema alinuna. Bibi akasema amewaokoa wajukuu zake.

Msimu uliofuata maharage yalipandwa upya, madoadoa yakarudi, na chupa nyingine ikaja, safari hii bomba likiwa limefungiwa stoo na ufunguo ninao mimi. Nao walifanya kazi. Mharage unaoshambuliwa hutoa harufu ambayo mwindaji asiyeona huifuata. Maurice Sabelis na Marcel Dicke waliifanyia utafiti huko Uholanzi miaka ya 1980. Kinda wa mwindaji hutoka yaini na miguu sita, hali kitu mpaka ajibadue, na kwa hali ya hewa ya Arusha anakomaa kwa wiki moja hivi. Majani mapya yalitoka safi, na Bibi akakiri kwamba kupe huyu ana adabu.

Sifa zikampanda Baba Neema kichwani. Akachuma majani ya maharage yenye wawindaji, akayatandaza kwenye nyanya, ambazo nazo zilikuwa zimevamiwa na utitiri wekundu. Wawindaji wakapotea. Nyanya zikakauka rangi ya kahawia, zimefungwa utando mpaka kileleni, na mnavu wa Bibi pembeni ukafuata.

Waliokuwa kwenye nyanya ni Tetranychus evansi, mzaliwa wa Amerika Kusini aliyeonekana Kenya mwaka 2001. Ni jenasi ileile na wale wa maharage, spishi nyingine, na persimilis hawezi kuzaliana vizuri kwa kumla. Anayemweza ni ndugu yake, Phytoseiulus longipes. Huyo alielezwa mwaka 1958 kutoka Zimbabwe, lakini waliojaribiwa kutoka Afrika Kusini walishindwa kustawi kwa evansi. Waliofaulu ni wa spishi hiyohiyo kutoka Brazili.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia mahali mnavu wake ulipokuwa.

"Kwa hiyo yupo wa huku, hataki kazi, na wa Brazili anataka," alisema. "Baba Neema, nauli ya Brazili ni kiasi gani?"