Tembo Ana Mwenyewe, Mtu Je? Barua ya Wazi kwa COSTECH

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA FEDHA ZA UTAFITI WA MAADILI, KILOSA NA MIKUMI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tumesikia kwamba duniani zipo fedha za kutafiti pale sayansi, falsafa na dini zinapokutana. John Templeton, mzaliwa wa Marekani, alianzisha wakfu wa kazi hiyo mwaka 1987, na tangu hapo wasomi hawajakosa tiketi za ndege. Tunaomba muwapunguzie safari. Vitu hivyo vitatu hukutana huku kwetu usiku, mahindi yakishabeba na tembo akishatoka hifadhini.

Tuanze na hesabu, maana ninyi ni watu wa sayansi. Barabara kuu ya Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na faini zake zinajulikana kwa kila dereva: ukimgonga tembo, dola 15,000; twiga naye hivyo hivyo. Sasa geuza tukio. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliwapa wafiwa wa mtu aliyeuawa na mnyama hatari shilingi milioni moja. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, tembo mmoja ni watu 37 na nusu. Hata kifuta machozi kikizidishwa mara mbili, marehemu wetu hafikii thamani ya sikio. Hiyo nusu ya mtu tunaiachia falsafa.

Wizara itajibu kwamba faini ni adhabu na kifuta machozi si fidia. Tumeelewa. Ila Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Basi tembo akigongwa, mwenyewe anajitokeza kabla vumbi halijatulia, na risiti mkononi. Tembo akiua, au akila shamba, ghafla ni yatima wa porini. Mali gani hii yenye mwenyewe siku ya kudai tu?

Na shambani kuna jingine la kustaajabisha. Kwa kanuni hizo hizo, kifuta jasho cha mazao kilipanda kadiri shamba lilivyokaa mbali na mpaka wa hifadhi, hadi shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Aliyelala na tembo ukutani alipata kidogo kuliko wote. Nadhani ni kwa kuwa amemzoea.

Upande wa dini hatukubahatisha. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtia hatiani mwenye ng'ombe anayejulikana kupiga pembe, ikiwa alionywa lakini hakumzuia, hadi ng'ombe akaua mtu. Qurani, sura ya 21 vilevile, inataja Daudi na Sulaiman wakiamua kesi ya kondoo walioingia shamba la watu usiku. Wafasiri wanaeleza hukumu ya Sulaiman: mwenye shamba apewe kondoo, anywe maziwa na achukue sufu, hadi mwenye kondoo alirudishe shamba lilivyokuwa. Kwa hukumu hiyo, geti la Mikumi lingekabidhiwa kwa mkulima akusanye viingilio vya watalii mpaka mahindi yake yasimame tena. Tunaomba kipengele hiki kifanyiwe majaribio kwanza.

Msidhani ni mzaha mtupu. Kilosa inajua kesi ya mifugo na shamba inapokosa mwamuzi: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wafugaji na wakulima. Baada ya hapo walikuja watafiti wengi. Dodoso tumejaza, majibu ndiyo hatujaletewa.

Bajeti yetu ni ndogo. Hatuombi posho za vikao wala warsha ya uzinduzi. Tunaomba pilipili na mizinga ya nyuki ya kuzungushia mashamba, kwa kuwa sayansi ilishathibitisha kule Kenya kwamba tembo humkimbia nyuki. Tunaomba pia kikao kimoja chini ya mwembe, akae mwanasheria wa Wizara ya Maliasili, shehe, padri na mjane mmoja, na mjane aanze kusema.

Tafadhali tujibiwe kabla ya mavuno. Baada ya hapo sampuli zitakuwa zimeshaliwa.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa mahindi,
Wilaya ya Kilosa.