Mkono Unajua Chumvi Ilipo

Mwaka juzi mke wangu alikwenda Pangani kumwuguza mama yake kwa siku nne, nami kwa kutafuta thawabu nikaona nimpangie jiko. Nilitoa kila kitu kabatini, nikafuta rafu, nikapanga viungo kwa alfabeti: bizari, hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Chumvi niliipandisha rafu ya juu, na pale ilipokuwa nikaweka sukari, maana mimi ni mtu wa chai. Aliporudi alinishukuru kwa adabu zote. Akabandika mchuzi wa pweza, akanyoosha mkono bila kutazama, kama alivyozoea kwa miaka kumi na minane, akachota vijiko viwili.

Jioni ile pweza alikuwa mtamu. Sisemi kwa kusifu, nasema sukari.

Hakunigombeza. Alisukuma sahani kando, akasema, "Mume wangu, mkono wangu unajua chumvi ilipo. Macho yana kazi nyingine." Niliyapokea maneno hayo nikayahifadhi pamoja na nasaha zake nyingine, yaani mahali ambapo huwa sizioni ninapozihitaji.

Kazi yangu ni harusi. Si kuoa, ni kuwarekodi wanaooa. Studio yangu ni chumba cha uani hapa Ngamiani, Tanga, chenye kompyuta moja, feni moja, na kiti ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Kwa miaka sita nimekuwa nikiediti kwa Premiere Pro, na kwa miaka hiyo sita madirisha yake niliyaacha vilevile nilivyoyakuta siku ya kwanza, kama mpangaji aliyekuta kabati la mwenye nyumba katikati ya sebule akawa analizunguka tu.

Si kwamba sikuwa mdadisi. Nilikuwa mwoga. Programu hii ina vyumba vingi, na majina ya vyumba vyenyewe yanatisha. Kuna kifaa cha kukatia kinachoitwa wembe. Kuna mahali pa kuwekea klipu panapoitwa bin, na hapo mwaka wangu wa kwanza wote sikuthubutu kuweka kitu. Kompyuta yangu ina Recycle Bin, na ninajua yanayokipata kitu kikiingia humo. Niliona ni uchuro kuitia ndoa ya watu kwenye pipa la taka ingali changa. Baadaye ndipo nikajua kwamba zamani, filamu ilipokuwa utepe wa kukatwa kwa mkono, wahariri walivitundika vipande kwenye vigingi, mikia yake ikiangukia ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa. Sanduku hilo ndilo bin. Nguo za harusi zilitunzwa vibaya kuliko filamu zile, na mimi nilikuwa nimezidhania uchafu.

Hata yale madirisha mawili ya juu ni urithi. La kushoto huonyesha picha mbichi, la kulia kazi iliyounganishwa, kama zama za kanda ambapo mashine moja ilicheza na nyingine ikarekodi. Toleo la kwanza la Premiere lilitoka mwaka 1991. Kwa maneno mengine, ni kubwa kwa umri kuliko mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuja kunifundisha.

Mpwa anasoma mambo ya utangazaji Dar es Salaam. Alikuja likizo, akaingia uani na mkoba mgongoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Keti hapo, lakini usiegemee."

Hakuketi. Alisimama nyuma yangu dakika tano nzima akinitazama ninavyofanya kazi, kimya, kama mtu anayemtazama mzee akivuka barabara.

"Mjomba, mbona umepaacha hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi kama ulivyopakuta."

Akaomba kipanya. Nikamwona kwa macho yangu akifanya jambo ambalo sikujua kama linaruhusiwa. Kila paneli ina jina lake juu, kama kibao cha duka. Ukilishika jina ukaliburuta, paneli nzima inafuata. Ukiifikisha juu ya nyingine, kivuli cha rangi kinakuonyesha itakapotua. Ukiiachia ukingoni, zinagawana nafasi kama majirani wema. Ukiiachia katikati, inajificha pamoja na mwenzake, na majina yao yanabaki juu bega kwa bega. Ukibonyeza Ctrl huku unaburuta, inang'oka kabisa na kuelea peke yake. Kwa dakika nne alikuwa amenijengea nyumba nyingine. Kisha akabonyeza Alt, Shift na sifuri kwa pamoja, na kila kitu kikarudi kilipokuwa, akaaga anakwenda Raskazone kuogelea.

"Ukishapanga unavyopenda, mjomba, usisahau kuusevu mpangilio kwa jina."

"Nitasevu," nikamjibu, kwa sauti ileile ninayomjibu nayo daktari anaposema nipunguze wali.

Usiku ule nilikuwa na kazi. Harusi iliyodumu saa tatu ilitakiwa iwe video ya dakika ishirini, na saa nne asubuhi mama mzaa chema wa harusi hiyo angekuja na flashi yake kabla wageni wa Mombasa hawajapanda basi. Nilikuwa nimebakiwa na dakika saba za mwisho. Mtu mwenye akili angemaliza dakika saba, kisha apange. Lakini nilijiambia kwamba nikipanga kwanza, nitamaliza haraka zaidi. Ndivyo anavyojisemea pia mwanafunzi anayechora ratiba ya kujisomea kwa kalamu za rangi tano usiku wa kuamkia mtihani.

Nikaanza saa tatu usiku. Taimlaini nikaitandaza kama mkeka wa sebuleni. Paneli ya klipu nikaipeleka kulia, nikajuta, nikairudisha kushoto, nikaiachia katikati ya nyingine kwa bahati mbaya, ikatoweka. Nilipoitafuta nikafungua paneli tatu ambazo sikuwahi kuzijua na wala hazikunijua. Pembeni kulikuwa na vile vijitaa vya sauti, nguzo mbili zinazopanda kwa rangi ya kijani, manjano hadi nyekundu. Nikaviona ni mapambo, kama taa za mti wa Krismasi. Nikavifunga ili nipate nafasi.

Kufikia saa tano usiku nilikuwa na meza nzuri ajabu na dakika saba zilezile. Nikajipongeza kwa chai. Tone moja likadondokea kibodi, pembeni kushoto, chini tu ya Esc. Nikalifuta kwa kidole.

Skrini yote ikafutika nalo.

Kilichobaki ni orodha ya folda za efekti, folda chache zilizojipanga juu kabisa, na chini yake uwanja wa kijivu mpaka mwisho wa upeo, kama timu iliyofika uwanja wa mpira wa Mkwakwani na wapinzani wasitokee. Bibi harusi hayupo. Bwana harusi hayupo. Taimlaini, mkeka wangu, haupo.

Sasa, kila aliyewahi kutumia kompyuta ana dawa moja ya maradhi yote: Ctrl na Z. Unakosea, unabonyeza, dunia inarudi nyuma hatua moja. Nikabonyeza. Folda zikanitazama. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa utulivu, nikabonyeza kwa hasira, nikabonyeza huku nikisoma dua. Hakuna kilichorudi. Nikampigia mpwa.

"Mjomba, saa hizi?"

Nikamweleza. Nikasikia anacheka huku amefunika simu kwa kiganja, adabu ambayo niliithamini.

"Ulichokibonyeza hapo chini ya Esc kinaikuza paneli iliyo chini ya kishale cha kipanya mpaka ijaze skrini. Kibonyeze tena."

Nikakibonyeza. Madirisha yote yakarudi mara moja, kila moja mahali pake, yamekaa kimya kama watoto waliokuwa wanacheza wakasikia mlango. Kumbe hawakuwahi kuondoka.

"Umeona? Hakuna kilichopotea."

Nilikuwa natazama taimlaini. Jioni ile ilikuwa imejaa klipu kama vidole vya ndizi, na sasa upande wa kulia wote ulikuwa mtupu kama kinywa kisicho na meno. Kuingia kwa bibi harusi hakupo. Keki haipo. Shangazi aliyecheza taarab mpaka kilemba kikaanguka, naye hayupo.

"Nilibonyeza Ctrl na Z," nikasema.

Upande wa pili kukawa kimya.

"Mara ngapi, mjomba?"

"Mpaka kidole kikaniuma."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningependa liandikwe ukutani kwa mkaa. Ctrl na Z hairudishi madirisha. Ukiihamisha paneli, ukaikuza, ukaifunga, programu haihesabu hayo kuwa ni kazi. Kwake ni kama umesogeza kiti. Inachotengua ni kazi yenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya pazia nikiliamuru lifunguke, na kila amri ilikuwa inabomoa tofali moja la nyumba iliyo nyuma yake. Programu haikukosea lolote. Ilinitii kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitii humu ndani.

"Sasa sikiliza," akasema mpwa, sauti imebadilika kama ya rubani. "Bonyeza Ctrl, Shift na Z, vitarudi kimoja kimoja. Lakini usiguse kitu chochote kabla ya..."

"Nimeshamrudisha shangazi kwa mkono."

Kimya cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Ukitengua mambo, njia ya kuyarejesha ipo, ila ukifanya jambo jipya hata moja, njia hiyo inafungwa. Nami katika wote waliopotea nilikuwa nimemwokoa mtu mmoja, shangazi, na kwa kumwokoa yeye nikawazamisha wengine wote.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho sikukiomba wala kukipanga. Kando ya faili la mradi kuna folda ambamo programu huweka nakala zake yenyewe kila baada ya muda, bila kumwambia mtu. Mpwa alinielekeza mpaka nikaifikia. Nakala ya karibuni ilikuwa na keki, ilikuwa na bibi harusi, na ilikuwa na shangazi na kilemba chake kingali kichwani. Kazi yote ilikuwamo, maana tangu saa tatu sikuwa nimeongeza hata klipu moja. Uvivu wangu ndio uliokuwa umenihifadhia kazi, neno ambalo sijamwambia mke wangu.

Nilimaliza zile dakika saba alfajiri, na katikati ya kazi nilirudi kwenye mpangilio wa zamani kwa Alt, Shift na sifuri. Mama mzaa chema akaja saa nne kamili. Tukatazama pamoja. Harusi ilikwenda vizuri mpaka dakika ya kumi na nne, MC aliposhika maikrofoni, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayehutubia ndani ya ndoo ya bati. Vile vijitaa nilivyovifunga si mapambo. Sauti ya kidijitali ina dari, na dari hiyo ni sifuri. Ikigonga hapo, taa nyekundu zinawaka kukuonya uipunguze. Kule saa tano usiku nilikuwa nimezifunga, na nilipozirudisha, MC nilikuwa nimeshampandisha.

Nikaanza kuomba radhi. Mama akainua mkono.

"Mwache hivyohivyo," akasema. "Siku ile nzima alikuwa akilikosea jina la mume wangu."

Wiki ile nikajifunza upya, safari hii mchana na bila chai. Kwanza nilijaribu mpangilio wa mpwa, nikiujenga upya kwa kukumbuka alivyoujenga yeye. Ulikuwa mzuri na haukunifaa. Yeye ana skrini mbili na macho ya miaka ishirini na moja. Mimi nina skrini moja na miwani ya kusomea. Kila nilipotaka klipu, mkono ulikwenda kushoto chini, ulikozoea kwa miaka sita, ukakuta kitu kingine, na macho yakalazimika kuiacha picha ili yaende kuusaidia mkono. Hapo ndipo nilipomkumbuka pweza.

Basi nikarudi kwenye madirisha ya zamani, nikabadilisha mambo matatu tu. Taimlaini niliiongezea urefu kidogo. Vijitaa vya sauti nikavisogeza karibu na dirisha la kulia, nivione hata nisipopenda. Paneli ya efekti nikaiweka mbali na kishale cha kipanya kinapopumzika. Nikafungua menyu ya Window, nikaingia Workspaces, nikausevu mpangilio kama mpya, na palipotaka jina nikaandika JIKO.

Mpwa alipokuja kuaga alitazama skrini kwa muda.

"Mjomba, mbona huu ni uleule wa zamani?"

"Si uleule," nikamwambia. "Huu una jina."

Usiku huo umeme ulikatika. Nilipapasa mpaka jikoni, nikachemsha maji kwa mwanga wa jiko la gesi, nikanyoosha mkono bila kutazama mahali ambapo sukari imekaa tangu ile safari ya Pangani, nikachota vijiko viwili. Ilikuwa chumvi. Mke wangu alikuwa ameipanga upya rafu bila kumtangazia mtu.

Nikainywa yote mpaka kikombe kikawa kitupu. Jiko si langu.